Mtani Aliyeingia Kaburini

Asubuhi ile tulikuwa tunapakia mahindi. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Songea, na mimi nilikuwa utingo wake: kupanga magunia, kufunga turubai, kuruka chini na gogo la kuzuia tairi kila lori lilipochoka mlimani. Ilikuwa Juni, mwezi ambao Songea mtu akifungua mdomo anatoa moshi. Dereva wetu, Mzee Haule, alikuwa amekaa kwenye benchi la mama muuza chai, akilalamika.

"Mama, hii chai sukari umeionyesha tu, hukuitia."

"Iko chini. Koroga."

"Nimekoroga mpaka kikombe kinaniomba msamaha."

Tukacheka, tukamaliza kupakia, tukaondoka. Sikumuaga mtu. Safari ilikuwa ya kwenda mpakani, kushusha mahindi na kurudi. Lori lilirudi bila mimi.

Niliacha shule darasa la nne. Masomo hayakunishinda, kilichonishinda ni kukaa. Mwalimu akisema mto Ruvuma unamwaga maji baharini, wenzangu waliandika. Mimi nilitaka kwenda kuona unavyomwaga. Nikachoma tumbaku Namtumbo, nikafyatua matofali Hanga, nikapasua mbao, kisha nikaingia kwenye lori. Kila mahali nilikaa mpaka nielewe kazi inavyokwenda, halafu nikaondoka. Mama yangu, aliyekuwa na kibanda chake Mjimwema, palepale Songea, alikuwa akiniambia, "Wewe utafia njiani ukienda kuuliza swali."

Miaka ile uhuru wetu ulikuwa bado mbichi. Kwenye kilabu cha ulanzi kulikuwa na redio moja, na Rais akianza kuhutubia watu walishusha vikombe. Alikuwa na wazo ambalo alilirudia kila mara: kwamba uhuru wetu ni nusu maadamu jirani zetu bado wanatawaliwa. Wazo hilo liliniingia. Nililiamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha, bila kujiuliza litamgharimu nani.

Tulipofika kijiji cha ukingoni mwa Ruvuma nilikuta watu wamepanga foleni, kila mmoja na mzigo kichwani, wanashuka mtoni kuelekea mitumbwi.

"Wanakwenda wapi hawa?" nikamuuliza Mzee Haule.

"Ng'ambo, Msumbiji. Wanampelekea risasi na chumvi yule anayepigana na Mreno."

"Anapigana namna gani?"

"Kawaulize wao. Mimi nina mke."

Nikaenda kuuliza. Aliyekuwa akipokea mizigo pale ukingoni alikuwa mtu mwembamba wa makamo ya miaka thelathini, mwenye kofia ya kufuma na viatu alivyovining'iniza shingoni ili visilowe. Jina lake Issa Kalanje. Alinisikiliza nusu sentensi akaijua lafudhi yangu.

"Wewe Mngoni."

"Ndiyo."

Akageuka kwa wenzake. "Jamani, leteni kamba. Mtumwa wetu amejileta mwenyewe."

"Kamba ya nini, Myao wewe?" nikamwambia. "Ulishamuuza mama yako, utashindwa kuniuza mimi nisiyefungwa?"

Akacheka mpaka akashika magoti, akanipa mkono. Tulikuwa tumefahamiana kwa dakika moja na tayari tulikuwa ndugu. Atakayesoma haya ni mtu wa nchi hii, kwa hiyo utani sina haja ya kumfundisha. Nitasema tu jinsi ulivyo baina yetu na Wayao. Babu zetu waliuana sana, kisha wajukuu wakaachiwa matusi mahali pa mikuki. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakamata kuku wako, na wewe ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Na siku ya msiba ndiyo siku yake hasa. Mtani anachimba kaburi, anaingia ndani, analala, anasema huyu maiti nimemuua mimi, namdai, sitoki mpaka mnipe changu. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka, na kile kicheko ndicho kinachowarudishia pumzi.

Nilivuka mto siku hiyohiyo nikiwa na mzigo.

*

Kambi yetu ilikuwa mwendo mrefu kutoka mtoni, katika msitu wa miombo ambao Mreno alikuwa ameuacha na watu wa chama cha ukombozi wameushika. Sisi wapagazi kutoka Songea tulikuwa kundi dogo, Wangoni watupu, wengi wao wakulima wa tumbaku waliokuja kwa maneno yaleyale ya redioni. Tulikwenda mtoni na kurudi, tulikwenda na kurudi. Mgongo ulijifunza, miguu ikajifunza.

Issa alikuwa mwalimu wa siasa. Ubao wake ulikuwa kifuniko cha sanduku la risasi alichokipaka unga mweusi wa betri uliochanganywa na majani. Wanafunzi wake walikuwa askari, kina mama wa vijiji vya jirani, wazee, na mimi nikiwa sina mzigo. Sijapata kuwa mwanafunzi mzuri isipokuwa pale.

"Mwalimu, taifa ni kitu gani hasa? Nchi naiona. Watu nawaona. Taifa silioni."

"Mngoni huyu ana maswali kama kupe," akawaambia wengine. Kisha akajibu. Alisema taifa ni watu waliokubaliana kwamba hakuna atakayekula huku mwenzake anamtazama. Bendera ni kitambaa cha kukumbushana hilo. Wakilisahau, kinabaki kitambaa.

Alifundisha pia kwamba chifu aliyemkusanyia Mreno kodi na Mreno mwenyewe ni mtu mmoja mwenye mashati mawili, na kwamba tukimfukuza Mreno tukabaki na lile shati tutakuwa tumefua nguo tu. Alifundisha kwamba kiongozi anakula mwisho. Haya hakuyatunga yeye. Yalitoka juu, kwa viongozi wao wakuu, nao walikuwa wakiyasema mchana mbele ya watu. Ila Issa aliyachukua kama mtu anavyochukua kiapo.

Mkewe, Biti Saidi, alikuwa anakaa kijiji kilichokuwa jirani na kambi, akitwanga mahindi ya askari pamoja na wanawake wengine. Alikuwa mfupi, mwenye ulimi. Nikifika na mzigo alikuwa akisema, "Shemeji, leo umemletea Issa risasi. Lini utamletea akili?"

Mkuu wa kambi alikuwa Kamanda Ambali. Naye alikuwa Myao, mtu wa karibu na ziwa. Nataka nimtendee haki. Nilimwona akibeba majeruhi mgongoni kupita kinamasi, risasi zikikata matete juu ya kichwa chake. Na mpagazi wetu wa kwanza alipofariki kwa homa, Kamanda Ambali mwenyewe alivua kofia, akashuka kaburini, akajilaza chali. Akasema anamdai Mngoni yule kuku wa babu yake na hatoki mpaka alipwe. Tukamhonga sigara. Akatoka amejaa udongo, akaivuta papo hapo. Tulimpenda sana siku ile.

Mwingine wa kumjua ni kamishna. Alitumwa kutoka makao makuu baadaye, mtu wa kusini kabisa ya Msumbiji, anayeongea Kireno na lugha ya kwao. Jina lake Fernando. Kiswahili alitafsiriwa na askari mmoja wa kwao aliyekijifunza Dar es Salaam. Fernando hakulewa, hakuchukua mwanamke wa mtu, alilala chini kama sisi. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba makabila ni minyororo. Mtu akijiita Mmakonde au Myao alimsimamisha na kumwambia, wewe ni Mmsumbiji. Sisi wa Songea alituita wandugu wa Tanzania, na tukitaniana hadharani tulikuwa tunashusha sauti akipita, kama watoto wanaomwona padri.

*

Palikuwa na duka la watu. Mkulima alileta mahindi, karanga au nta, akapewa chumvi, sabuni na kitambaa vilivyotoka kwetu Tanzania. Chumvi ndiyo iliyotafutwa zaidi. Mtu akikaa muda mrefu bila chumvi mwili unalegea, na mboga inakuwa kama majani ya kulisha mbuzi.

Chumvi ile tuliibeba sisi. Mwenzangu Kosmasi, mkulima wa Namtumbo aliyesali rozari akitembea, alikuwa anapenda kubeba chumvi kuliko risasi. Alisema chumvi haijamuua mtu.

Lakini kina mama wakaanza kuambiwa dukani kwamba chumvi imekwisha. Tunashusha magunia asubuhi, mchana imekwisha. Biti Saidi aliniuliza, nikamwambia nilichoona: magunia yanaingia stoo ya kamanda. Tulikuja kusikia kwamba kuna wachuuzi wanaoyarudisha mengine mpakani na kuyauza, na kwamba Kamanda Ambali anajenga nyumba ya bati upande wa Tanzania. La nyumba sikuliona. La magunia niliyabeba mwenyewe.

Ukaitishwa mkutano wa kawaida wa kambi. Kamishna Fernando alikuwepo. Issa akasimama, akasema bila kupandisha sauti:

"Kamarada kamanda, chumvi inaingia kwa mabega ya Wangoni, samahani, ya wandugu wa Tanzania. Tunaomba kujua inatokea mlango gani."

Watu wakaguna. Ambali akatabasamu. Akasema hilo ni swali zuri, la mwanasiasa aliyekomaa, na litafanyiwa kazi. Fernando akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndivyo walivyofundishwa: kukosoana mbele ya watu.

Tulipotoka nilimwambia Issa, "Umemchoma."

"Nimemkumbusha. Yeye ndiye aliyenifundisha."

*

Siku chache baadaye tulifika na mizigo tukiwa tumechoka. Tukakaa kwenye shamba la mihogo, nje kidogo ya kambi.

Ndege zilitoka upande wa jua.

Tulisikia mlio tayari uko juu yetu. Nikalala mferejini. Kosmasi alikuwa mbele yangu, amekwisha kufika salama. Nikamwona anageuka.

"Rudi!" nikamwita.

"Chumvi ya watu," akasema, akarudi kulichukua gunia.

Ardhi ilipanda ikashuka.

Nikainua kichwa. Sikusikia kitu. Mihogo ilikuwa imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kosmasi alikuwa juu ya gunia, na gunia lilikuwa limepasuka.

Alasiri kina mama walikuja. Walituacha tumtoe kwanza, tumfunike. Kisha wakapiga magoti wakaanza kuichota ile chumvi pamoja na udongo. Ilikuwa na rangi mahali pengine. Hakuna aliyewakataza.

*

Tulimzika asubuhi. Sisi Wangoni tulisimama kama miti. Kulikuwa na mmoja wetu aliyejua sala za Kilatini, akazisema zikaisha, na baada ya hapo hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

Issa alikuwa amechimba kaburi tangu alfajiri. Alipopanda juu tukadhani amemaliza. Akavua kofia, akaruka tena ndani, akalala.

"Ondokeni hapa! Huyu ni wangu. Mreno alikuwa hajui njia, nimemwonyesha mimi. Nimemwambia, piga pale penye Mngoni anayekoroma. Mnafikiri bure? Nimelipwa chumvi. Sasa nataka na blanketi lake, na nyie wengine jipangeni, mmeshauzwa."

Kisha mmoja wetu akafyatuka kwa kicheko, na sote tukafuata. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa ndipo nikaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu zile ndege. Tulimrushia kipande cha tumbaku ya Namtumbo. Akakinusa. "Ya Kosmasi hii? Mbaya. Lakini natoka." Akapanda, akampokea Kosmasi kwa mikono miwili, akamlaza taratibu, mkono mmoja chini ya kisogo, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Kamishna Fernando alikuwa amesimama pembeni na mkalimani wake. Niliona midomo ya mkalimani inakwenda. Alikuwa anatafsiri neno kwa neno, na alitafsiri vizuri. Fernando alikuwa anatutazama sisi tunaocheka juu ya maiti wetu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu kichafu.

Kamanda Ambali alikuwa nyuma yake. Naye alikuwa anacheka. Kisha akaacha.

*

Walimkamata Issa mchana uleule. Kesho yake wakatukusanya wote pale penye ubao wa shule.

"Ulisema kwamba ulimwonyesha adui njia?" Fernando akauliza.

"Nilisema, kamarada," Issa akajibu. Alikuwa bado ana tabasamu. "Pale nilikuwa mtani. Waulize hawa."

Nikasimama mimi. Nikaeleza kila kitu, tangu vita vya babu zetu mpaka kuku na sigara. Sijapata kuongea vizuri kama siku ile. Mkalimani alinifuata polepole. Fernando alisikiliza mpaka mwisho.

"Mnasema Mngoni, Myao. Hapa kambini kuna Mngoni?"

"Mimi, kamarada," nikasema.

Wachache wakacheka. Fernando hakucheka. Akasema mtu anayetaka kuficha usaliti atapata wapi pa kuuficha pazuri kuliko katika mchezo ambao hakuna ruhusa ya kuukasirikia? Nilimwelewa. Kwa mtu asiyezaliwa huku lilikuwa swali la haki. Kisha akafanya jambo la haki zaidi: akamgeukia mtu wa huku.

"Kamarada Ambali, wewe umezaliwa katika watu hawa. Jambo hili lipo?"

Nikapumua. Nilijua limekwisha.

Ambali alikuwa amekaa juu ya sanduku, anachora chini kwa kijiti.

"Zamani za ujinga lilikuwepo," akasema. "Sisi tuliokomaa tuliliacha. Kamarada Issa ndiye anayefundisha watu kuacha ukabila. Kama yeye mwenyewe bado anao, mimi sijui ana nini kingine."

"Kamanda," nikasema, "wewe ulilala kaburini. Tulikupa sigara."

"Mpagazi, kaa chini."

Nikawatazama wenzangu, nikawatazama askari waliokuwepo siku ile ya sigara. Kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama miguuni pake.

Tabasamu la Issa lilikuwa limeondoka. Akamtazama Ambali, akamwita kwa Kiyao, achimwene, yaani ndugu yangu.

"Achimwene," akasema, "chumvi tu?"

Ambali hakuinua uso.

Wakamchukua. Hawakumfunga mikono. Viatu vyake vilikuwa shingoni, akitembea pekupeku kati ya askari wawili, kuelekea upande wa kijito. Hakugeuka.

Sikusikia bunduki. Nilisikiliza mchana kutwa, na nilisikiliza siku zilizofuata. Sikusikia.

Wiki ile duka la watu lilikuwa na chumvi. Ambali aligawa mwenyewe, kwa kikombe, akimtania kila bibi. Watu walimpigia makofi.

*

Wapagazi tulirudishwa kwetu. Biti Saidi alivuka mto pamoja nasi, maana wanawake aliokuwa akitwanga nao walikuwa wamehamisha vinu vyao mbali naye. Sikumsikia akilia njiani. Alikuwa ananiuliza jambo moja tu.

"Ulisikia bunduki, shemeji?"

"Sikusikia."

"Basi."

Songea nilikwenda ofisini kwa mkubwa mmoja wa serikali aliyehusika na mambo ya wapigania uhuru. Nilimpa shikamoo, akanipa kiti na chai, akanisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa muungwana. Nilipomaliza akafunga dirisha.

"Kijana, vita vinaendelea?"

"Vinaendelea, mzee."

"Mreno akiyasikia haya atafurahi au atahuzunika?"

"Atafurahi."

"Sasa wewe unamfanyia kazi nani?"

Nilikaa na lile swali. Yeye na Rais wake na ile redio ya kilabuni walinituma ng'ambo kwa wazo kwamba mtu mmoja akitawaliwa sote tumetawaliwa. Nilikuwa nimerudi na habari ya mtu mmoja. Nikaambiwa mtu mmoja ni mdogo mno kwa wakati ule. Nilimwomba jambo dogo: waulizwe tu kama Issa Kalanje yuko hai. Akaniambia hayo ni mambo ya ndani ya ndugu zetu, na chai inapoa.

Uhuru wa Msumbiji ulikuja. Sikatai kwamba ulikuja. Songea tulicheza ngoma barabarani, na mimi nilicheza, kwa kuwa baadhi ya uzito ule niliubeba mimi. Wakimbizi walipanda malori kurudi kwao, wakiimba. Biti Saidi alibaki Mjimwema na jiko lake la vitumbua.

"Nirudi kwetu niitwe mke wa nani?" aliniambia.

Kule alikuwa mke wa msaliti. Huku alikuwa si mke wala si mjane. Walikuja wanaume wema kumposa, mmoja ana shamba la korosho Tunduru. Akawajibu kwamba ana mume. Kila Ramadhani aliweka sahani ya pili.

Mimi niliendelea kuhama. Nimefanya kazi ziwani, nimefanya migodini, nimelinda maghala. Popote nilipomkuta mtu aliyetoka ng'ambo nilimuuliza. Wengine walikuwa hawamjui Issa. Wengine walimjua wakaondoka.

*

Miaka mingi baadaye Ambali alikuja Songea. Alikuwa mkubwa sana kwao, amenenepa, suti nzuri, anatembea katikati ya ujumbe. Uwanjani walimchezea ngoma ya lizombe. Nilijisukuma mpaka mbele ya kamba, mtu mzima mimi, nikaita jina lake kwa sauti ya kambini.

Akasimama. Akanitambua kabla sijasema mimi ni nani. Akaja, akanishika mabega.

"Mngoni! Bado hujafa? Panya wa kula wameisha porini ndiyo umekuja mjini?" Akawageukia wenyeji wake. "Huyu ni mtani wangu. Wangoni hawa tuliwanunua kwa bei ya hasara."

Uwanja ukacheka. Viongozi wetu wakacheka. Walifurahi kumwona mgeni mkubwa anayejua mila.

"Issa Kalanje yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mmemsikia?" akasema. "Hajanipa hata maji, ananidai mtu."

Wakacheka zaidi.

"Mlimweka wapi? Mkewe yuko hapa Mjimwema. Anataka kujua."

Nilikuwa nasema kweli kwa sauti kubwa, mchana, mbele ya watu mia na zaidi, na kila neno nililotoa lilipokelewa kwa kicheko. Alikuwa amekwisha kuniita mtani. Akanipigapiga begani, akacheka kwa tumbo lote, macho yake yakiwa makavu na yananitazama vizuri kabisa. Kisha akaendelea na safari yake. Kijana mmoja wa usalama akanirudisha nyuma kwa adabu, bado anatabasamu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Biti Saidi. Alikuwa anageuza vitumbua.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Akasema nini?"

"Alicheka, shemeji. Alinitania mimi Mngoni, akacheka."

Akageuza kitumbua kimoja, kingine, akavitoa vyote. Akamwaga mafuta pembeni, akazima moto kwa maji. Ilikuwa bado mapema, wateja walikuwa hawajaja.

"Basi Issa amekufa," akasema. "Kama angekuwa hai mahali, yule angeogopa jina lake. Hakuna mtu anayecheka hivyo bila kujua."

Akaingia ndani. Alitoka amevaa nguo nyeupe, akanituma kwa shehe wa mtaa kumwambia kwamba Biti Saidi anaanza eda. Shehe akauliza, mume amefariki lini? Nikamwambia hakuna anayejua. Akafikiri, akasema mwambie aanze leo.

Alikaa eda yake yote, mwanamke mwenye mvi, na majirani waliozaliwa Issa akiwa ametoweka walimletea maji na uji. Alipotoka alinituma nikamnunulie kanga. Nilimletea nyekundu. Akasema ni ya wasichana, akaivaa.

Naye sasa hayupo. Ambali pia amekwenda. Nasikia kule kwao ipo shule yenye jina lake, na sishangai, kwa kuwa alipigana kweli na alivuka kinamasi kile na mtu mgongoni. Watu huniuliza, nikiwa hapa Ruhuwiko kwa binti yangu, kama najuta kwenda. Sijuti. Yale mawazo yalikuwa ya kweli siku nilipoyasikia, na ni ya kweli leo. Waliotufundisha wangeweza kuyaishi. Issa alikuwa mtu wa kawaida naye aliyaishi. Walichotunyima ni kidogo sana: wangesema tu kwamba yule alikuwa anatania.

Sina kaburi la kumwonyesha mtu. Nina jina. Issa Kalanje hakuwa msaliti. Alikuwa mwalimu, aliuliza mbele ya watu chumvi yao imekwenda wapi, na mpaka leo hakuna aliyemjibu.